Mheshimiwa Mirumbe Afunga kwa Niaba ya Wote

Kwa mamlaka niliyopewa na chama, ambayo mpaka ninapoandika haya hakuna aliyenijulisha rasmi kwamba nimenyang'anywa, natangaza kuwa suala la dini katika kampeni yetu ya urais lilishughulikiwa kikamilifu, kitaalamu na kwa utulivu wa hali ya juu. Mnayosikia kuhusu samaki ni ya kweli, lakini yametolewa nje ya muktadha.

Mimi ni Joash Mayaka, Mkurugenzi Mkuu wa Kurugenzi ya Mizani ya Imani na Uteuzi wa Mgombea Mwenza. Ofisi yetu ilikuwa Migori mjini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na ilikuwa na zulia jekundu lililofika mpaka chooni. Kurugenzi iliundwa kwa dharura baada ya kugunduliwa kwamba mgombea wetu, Mheshimiwa Japheth Mirumbe, hana dini inayoonekana.

Nieleweke. Mheshimiwa alizaliwa upande wa Kuria na akabatizwa akiwa mdogo, na katika kila harambee ya kanisa yeye huketi mbele. Lakini mshauri wetu wa takwimu, Pauline, aliyetoka Nairobi na miwani ya jua asiyoivua hata ndani ya nyumba, alifanya kura ya maoni katika kaunti za Migori na Homa Bay. Swali lilikuwa rahisi: Mheshimiwa Mirumbe ni wa dini gani? Wengi walijibu, "Mbunge."

"Hii ni hatari kubwa," Pauline alisema. "Mpinzani wenu mke wake anaimba kwaya. Mgombea mwenza wake ni mtoto wa askofu. Nyinyi mna nini?"

"Tuna manifesto," nikasema.

Pauline alinitazama kwa huruma, nadhani, maana miwani ilikuwa imeziba.

Tukaazimia kwamba ikiwa Mheshimiwa ni Mkristo asiyeonekana, basi mgombea mwenza awe Mwislamu anayeonekana. Hapo ndipo tulipomwendea Mama Suhail.

Jina lake ni Fardowsa. Ana duka la magodoro na mapazia karibu na stendi ya Migori, na hakuna nyumba mpya mjini ambayo haijalalia godoro lake. Tulimwita ofisini, tukamkalisha upande wa pili wa meza, na mimi mwenyewe nikaongoza usaili.

"Mama Suhail, wewe ni Mwislamu wa kiwango gani?"

"Kiwango gani tena?" akasema. "Mimi ni Mwislamu. Magodoro ndiyo yana viwango."

Pauline aliingilia. "Mtu akiwa nyuma kabisa ya uwanja, anaweza kuona wewe ni Mwislamu?"

"Inategemea macho yake, dada. Wewe uko hapa karibu, toa miwani kwanza tuone kama utaniona."

Wakati huo simu yake ikalia. Alikuwa mteja wa Rongo aliyeletewa pazia la rangi asiyoagiza. Mama Suhail akamshughulikia kwa Dholuo, lugha ya wenyeji wa huku, Dholuo kizito chenye utani na vitisho vidogo, mpaka mteja akakubali kwamba rangi ile ndiyo aliyokuwa anaitaka tangu mwanzo. Alipokata simu, Pauline alikuwa amesimama.

"Hiyo lugha lazima iachwe," alisema. "Mwislamu anayeongea Dholuo namna hiyo hasawazishi chochote. Anaonekana kama mtu wa hapa."

"Lakini mimi ni mtu wa hapa."

"Hiyo ndiyo shida tunayojaribu kutatua."

Mama Suhail aliinuka kwenda zake. Alifika mlangoni, akasimama pale na mkono kwenye kitasa, na aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kijana wangu Suhail anasoma Awendo," akasema. "Juzi mwalimu mgeni alimuuliza mbele ya darasa, wewe kwenu kabisa ni wapi? Akasema Migori. Darasa zima likacheka. Alirudi nyumbani akaniuliza kama mimi nilimdanganya. Sasa, nikisimama kwenye hilo jukwaa lenu, na nchi nzima inatazama, kuna mtu atamuuliza tena hilo swali?"

"Hakuna," nikasema, na nilisema kwa moyo wote, kwa kuwa jibu hilo halikuhitaji bajeti.

"Basi nitasimama. Lakini siku moja mtanipa maiki niongee vile mimi huongea."

Nilimwahidi kwamba angepewa nafasi hiyo katika wakati mwafaka. Wakati mwafaka, kwa wasiofahamu utawala, ni wakati ambao haumo kwenye kalenda.

Tulimtambulisha Migori kwa shangwe. Alisimama kando ya Mheshimiwa katika baibui jeusi, kimya kama alivyoelekezwa, akasema "Asalaam aleikum" na kuketi. Takwimu zilipanda. Kesho yake asubuhi wajumbe kutoka Homa Bay walikuwa wamejaa kwenye ngazi za ofisi. Wasabato waliuliza, na sisi? Wakatoliki wakauliza, na sisi je? Hata mzee mmoja wa kanisa lenye ngoma na kanzu nyeupe, ambalo lina waumini wengi kuliko viti, alitaka kujua kama mizani yetu ina sahani mbili tu.

Pauline alipendekeza kwamba Mama Suhail awe na dini nyumbufu. Migori awe Mwislamu kamili, akivuka kuingia Homa Bay apunguze.

"Mimi si redio," Mama Suhail alisema, "mnizungushe kila mkitafuta stesheni."

Ndipo mimi nikaja na wazo ambalo bado naamini litafundishwa vyuoni. Kama mgombea mwenza hazunguki, mgombea mwenyewe azunguke. Na Mungu, au kalenda, alikuwa ametusaidia: mwaka ule wa uchaguzi Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja. Nikauita Mpango wa Mfungo Jumuishi. Mheshimiwa angefunga mchana na Waislamu, bila chakula wala maji. Jioni, kwa heshima ya Wakatoliki, asingeonja nyama wala kitu kitamu. Kwa heshima ya Wasabato, asingeonja samaki asiye na magamba, chai ya rangi wala kahawa. Ukijumlisha imani zote, kilichobaki kilikuwa ugali na sukuma wiki, baada ya jua kuzama, huku akitabasamu.

Ifahamike kwamba Mheshimiwa Mirumbe ni mtu mkubwa. Koti lake ukilitandika, watoto wawili wanalala.

"Nani ameagiza hii kitu?" aliniuliza siku ya kwanza, saa nne asubuhi.

"Wananchi, Mheshimiwa."

"Na wao wanafunga yote?"

"Hapana, Mheshimiwa. Kila mtu anafunga yake. Wewe unafunga kwa niaba ya wote."

Mafanikio yalikuwa ya papo hapo. Pale Awendo, lori la miwa lilipunguza mwendo karibu na msafara wetu, na mpakiaji mmoja, kwa ukarimu, akamrushia Mheshimiwa kipande. Alikidaka, akakinusa, akafumba macho. Nilikichukua kwa niaba ya Kurugenzi na, ili kusiwe na ushahidi, nikakiharibu kwa kukitafuna ndani ya gari. Upande wa Asumbi alipiga magoti kanisani na kubaki amepiga magoti muda mrefu baada ya wengine kuinuka. Akina mama walifuta machozi. Ukweli ni kwamba magoti yalikuwa yamekataa, na ilibidi mimi na dereva tumnyanyue. Padri aliyeongoza ibada alimshika kichwa na kumwambia kwa upole, "Mheshimiwa, Kwaresima haikuitaka roho yako mapema hivyo."

Mbita ndiko alikotukuka. Wavuvi walimwandalia kamongo wa kuchemsha, mnene, mchuzi wake unang'aa. Samaki huyo hana magamba ya kuonekana, na jua lilikuwa bado juu. Mheshimiwa aliitazama sahani ile, akatazama ziwa, akaanza kulia kwa sauti. Magazeti yakaandika kwamba ameguswa na masaibu ya wavuvi. Pauline aliruka kwa furaha mpaka miwani ikaanguka, na hapo kwa mara ya kwanza tukajua kwamba ana macho mazuri tu. Kadiri Mheshimiwa alivyokonda, ndivyo takwimu zilivyonenepa.

Mama Suhail, ambaye alikuwa anafunga kwelikweli na hakuwa analia mahali popote, alimwendea jioni ile na chupa ya uji na tende.

"Mheshimiwa, umesilimu?"

"Bado."

"Basi kula mchana. Mungu wangu hakukutuma."

"Joash amekataza."

"Joash si Mungu."

Matamshi hayo niliyachukulia kama utovu wa nidhamu, lakini kwa ajili ya umoja wa chama sikuchukua hatua.

Tukafika kwenye siku yenyewe. Mkutano Mkuu wa Wajumbe ulifanyika Homa Bay, Jumapili alasiri, kwenye uwanja unaotazama ziwa. Wajumbe wote walikuwa kwenye viti vya mbele, na nyuma yao umati ambao ulipanda mpaka juu ya miti. Mwenyekiti wa chama kitaifa, Mama Bochaberi, mwanamke ambaye huendesha vikao kama anayefukuza kuku, alisoma ratiba: hotuba, kisha sala, kisha wajumbe wainue mikono kumpitisha mgombea urais, kisha watu waende nyumbani. Jukwaani tulikuwa na sheikh, padri na mzee wa kanisa la Wasabato. Kila mmoja wao nilikuwa nimemweleza, kwa faragha, kwamba ndani ya moyo wake Mheshimiwa ni wa kwao.

Nilifanya kosa moja tu, nalo si langu. Ni la upepo. Nyuma ya turubai la jukwaa, mama mmoja aitwaye Mourine alikuwa ameweka karai lake la kukaangia samaki, na upepo wa ziwa ukaamua kupita hapo kwanza.

Mheshimiwa alikuwa amemaliza sentensi ya kwanza ya hotuba. Pua yake ikageuka kabla ya kichwa. "Wananchi," akasema, "niruhusuni nikashauriane kidogo na wataalamu." Akapotelea nyuma ya turubai, na maiki yake ndogo ikiwa bado imebanwa kwenye kola.

Uwanja mzima ukasikia.

"Mama, hiyo ni ngege?"

"Ni ngege, Mheshimiwa. Hii kubwa ni mbuta."

"Nipatie zote. Haraka, Joash asinione."

"Si wanasema umefunga?"

"Nimefunga gani! Mimi hata sijui nafunga ya nani. Asubuhi naamka Mwislamu, jioni mimi ni Mkatoliki, Jumamosi natolewa kitandani niende Sabato. Mama yangu, mimi nilikuwa nataka urais tu. Ongeza kachumbari."

Kisha ikasikika sauti ya mtu anayekula kwa uaminifu mkubwa.

Nilichukua maiki nyingine na kuwaeleza wananchi kwamba wanachosikia ni rekodi ya zamani iliyotengenezwa na wapinzani wetu.

"Huyo Joash ndiye mjinga alileta haya maneno yote," rekodi ikasema. "Hiki kichwa pia ni changu?"

Kicheko kilianzia kwenye miti. Kikashuka, kikapita kwa bodaboda, kikafika kwa wajumbe, na nikamwona padri amefunika uso kwa mikono, mabega yanacheza. Vijana walipiga kelele, "Buda, weka pilipili!" Wengine walianza kukasirika, maana kulikuwa na watu pale waliokuwa wamefunga kwa haki, na chupa moja tupu ya maji ikarushwa jukwaani. Nikaona mambo yanaweza kuharibika. Walinzi walikuwa wanatafuta njia ya kumtoa Mheshimiwa, lakini naye alikuwa hajamaliza mbuta.

Mama Suhail akainuka. Hakuniomba ruhusa. Alinipokonya maiki mkononi kama anavyompokonya mteja godoro asilolipia, akasimama mbele ya jukwaa.

"Jothurwa, amosou!" akasema. Watu wangu, nawasalimu.

Vichwa vikageuka uwanja mzima, kama vya watu waliosikia jina lao likiitwa mahali wasipotarajia.

"Weyeuru ochiem," akaendelea. Mwacheni ale. "Msimrushie kitu. Mtu ana njaa, anakula, kosa ni gani? Mimi nimefunga leo, na sijafunga kwa ajili ya kura, kwa hivyo chakula cha mwingine hakinipunguzii kitu. Kosa ni letu sisi tuliokubali kwamba Mungu ni wa kupimiwa kwenye mizani, huyu kilo yake, yule kilo yake. Hata mimi nilikubali. Waliniambia ninyamaze ndiyo nionekane natoka mbali. Nikanyamaza."

Kikongwe mmoja wa mstari wa mbele, mwenye leso kichwani na fimbo, alimkata.

"Nyathina, in nyar kanye?" Mwanangu, wewe binti wa wapi?

Ni swali lile lile aliloulizwa Suhail, na niliona Mama Suhail akiishika maiki kwa mikono yote miwili. Nilikuwa karibu, niliona.

"An nyar Migori," akasema. "Nilizaliwa hapo stendi, nyuma ya hoteli ya chai ya babangu. Babangu amezikwa Migori. Mimi pia nitazikwa Migori. Sina mahali pengine."

Kikongwe aligeukia umati, akainua fimbo. "Nyarwa!" akapaaza sauti. Binti yetu.

"Nyarwa!" wakaitikia, na miti ikaitikia, na askari nao. Mama Suhail akashusha maiki. Alisimama tu, anafuta uso kwa ncha ya mtandio, anacheka na kulia pamoja. Nilitafuta kwenye kanuni zetu hatua ya kuchukua, sikupata.

Mama Bochaberi alitazama jua, akagonga meza. "Sala," akasema. "Tuendelee."

Mheshimiwa alikuwa amerudi jukwaani, kidevu kinang'aa mafuta. Nikamwomba sheikh atuongoze. Sheikh, kana kwamba sikuwahi kumweleza kitu, alisema itakuwa kuvunja adabu, kwani Mheshimiwa ni muumini wa Padri. Padri akasema, la, alivyosikia yeye ni kwamba Mheshimiwa ni ndugu wa Kisabato. Mzee wa Wasabato alisema wao wanamfahamu kama mgeni wao mpendwa, na wageni huombewa na watu wa kwao. Wote watatu wakanigeukia mimi. Niligundua kamba ya kiatu changu ilikuwa imelegea.

"Basi aombe mwenyewe," akasema Mama Bochaberi. "Watu wanataka kwenda."

Mheshimiwa Mirumbe alifumba macho. Alisimama hivyo kwa muda, kama anayetafuta funguo gizani.

"Ee Mola, Baba wa... wa pande zote," akaanza. "Tunakushukuru kwa kujitokeza kwa wingi. Serikali yangu inatambua changamoto zako. Ndani ya siku mia moja za kwanza tutakuwekea lami, kutoka hapa mpaka mlangoni kwako. Tutakupa stima. Wale wanaokupinga tunawaambia, muda wao umeisha!"

Akasubiri watu waseme amina. Hakuna aliyesema. Sheikh alikuwa anatazama ziwa, padri viatu vyake, mzee wa Wasabato saa. Na Mheshimiwa, ambaye maishani mwake hakuwahi kumaliza sala bila mtu mwingine kumwambia imekwisha, hakujua mahali pa kutokea. Akaendelea. Akamwahidi Mungu soko la kisasa. Akamwahidi ruzuku.

Jua likazama. Kutoka mjini adhana ikasikika. Mama Suhail alishuka jukwaani polepole, akazunguka nyuma ya turubai, akafungua kwa tende na maji, na Mourine akamwekea ngege kwenye sahani. Kikongwe wa fimbo akamfuata. Kisha wajumbe, mmoja mmoja, kwa vidole vya miguu wasikatize ibada, wakaondoka kwenye viti na kwenda kupanga foleni pale kwenye karai. Sheikh akaenda. Padri na mzee wa Wasabato wakaenda wakishindana nani ampishe mwenzake. Mama Bochaberi alifika na rungu lake la mwenyekiti, akaona karibu wajumbe wote wako hapo, na yeye si mtu wa kupoteza kikao.

"Nani anamtaka huyu mama kwa urais?" akauliza. "Mikono. Iliyo na samaki pia nitaihesabu."

Mikono ikainuka. Mama Suhail alikuwa na mwiba mdomoni, hakuweza kukataa upesi, na alipoutoa watu walikuwa tayari wamembeba.

Mimi, kwa uaminifu, nilibaki jukwaani na mgombea wangu. Fundi wa mitambo alikuja akakunja nyaya, akachukua spika, hatimaye akambandua Mheshimiwa ile maiki kwenye kola, taratibu, kama anayemtoa mtu kupe. Mheshimiwa alikuwa amefika kwenye bei ya mbolea huko mbinguni. Koo likakauka. Akasema "amina" yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, akafumbua macho.

Uwanja ulikuwa mtupu. Kule kwenye karai walikuwa wanaimba.

"Joash," akauliza, "wamenipitisha?"

Nikamweleza matokeo kwa lugha rasmi, ambayo hupunguza maumivu. Alisikiliza yote. Akajifuta kidevu kwa leso, akakaza tai, akafikiri. Mwanasiasa mkomavu haanguki, hutafuta kiti cha karibu.

"Sawa," akasema. "Mama ni mtu mzuri. Na nafasi ya mgombea mwenza je, iko wazi?"

Nikamjibu, kwa heshima zote zinazomstahili, kwamba iko wazi, ila anatafutwa Mkristo anayeonekana.